Kabla hujatuma voisi kwamba umeona dubu Iowa: mambo ya kuzingatia

Kila ikifika Mei na Juni magrupu yetu ya WhatsApp huku Iowa, Marekani, yanaanza tena. Huyu kaona dubu nyuma ya apatimenti, yule kamwona karibu na mto, mwingine ana picha katumiwa na shemeji yake, na ndani ya saa moja akina mama wameshapigiana simu mtoto yeyote asitoke nje. Ukiwauliza wazungu wanacheka tu, eti Iowa hakuna dubu, huyo uliyemwona ni mbwa. Sasa mi naona pande zote mbili mnakosea, na hasara ya kukosea nimeona nani anailipa.

Ukweli uko hivi. Dubu mweusi alikuwepo Iowa zamani, wakamuwinda, misitu ikafyekwa ikawa mashamba, na yule wa mwisho anayetajwa kwenye rekodi za zama zile aliuawa karibu na Spirit Lake mwaka 1876. Lakini we fungua ramani uangalie majirani. Minnesota hapo juu wako zaidi ya 10,000, Wisconsin ng'ambo ya Mississippi wako zaidi ya 20,000, na Missouri huko chini wameongezeka mpaka mwaka 2021 jimbo likafungua msimu wa kuwawinda. Dubu dume akishafika mwaka mmoja na nusu hivi au miwili, mama yake anamtimua, anakuwa hana eneo, basi anatembea tu, mto anauogelea, hailwei anaivuka, hajui kama huku ni Iowa ambako wamesema hayupo. Ndo hao wanaoonekana, madume vijana, mmoja mmoja, na mara nyingi ni pembe ile ya kaskazini mashariki, Allamakee, Winneshiek, Clayton, Dubuque. Mwaka 2020 kuna mmoja watu walimpa jina la Bruno alitoka Wisconsin akapita Illinois na Iowa mpaka Missouri kwa miguu yake, watu wakawa wanamfuata na magari kama wanasindikiza bi harusi, mwisho wake alikwama katikati ya mahailwei karibu na Wentzville, ikabidi watu wa wanyamapori wamchome sindano ya usingizi wamhamishe. Kwa hiyo dubu kupita Iowa inawezekana kabisa, ila hiyo haimaanishi kila cheusi kinachotembea jioni ni dubu.

Kabla hujasema chochote hakikisha macho yako. Hapa tulipo kuna nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu kama milioni 3 tu, na ng'ombe weusi wa Angus wako kila kona, ndama wake akitoroka zizini jua likiwa linazama utaapa ni dubu. Kuna na mbwa wale weusi wakubwa wenye manyoya, Newfoundland wanaitwa, ambao hata mchana wanashtua. Angalia mkia: dubu mkia wake mfupi hata hauonekani. Angalia mdomo, dubu mweusi mara nyingi ana rangi ya kahawia hapo puani. Angalia anavyotembea, miguu ya mbele imeingia ndani kidogo, mwendo wa kusereseka. Na usije ukasema huyu si dubu kwa sababu ni kahawia, dubu mweusi ni jina la aina tu, wapo wenye rangi ya kahawia. Unyayo ndo hausemi uongo, mbwa ana vidole vinne, dubu ana vitano vimepangana mbele, na mguu wake wa nyuma unafanana na wa mtu aliyetembea peku.

Picha ya kutumiwa usiisambaze. Hili halitaki maelezo marefu. Ukiona milima nyuma hiyo siyo Iowa. Kuna dada mmoja alikosa shifti mbili za usiku kwa sababu ya picha ya namna hiyo, aliogopa kutembea kutoka nyumbani mpaka pale wanapochukuliwa na gari la kazi, na kiwandani kwao usipotokea ni pointi, pointi zikijaa unatolewa, na kwake zilikuwa zimebaki hizo hizo tu zijae. Watu tulipokuja kuikuza ile picha, gari lililopaki nyuma ya dubu lina pleti ya Tennessee.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nataka mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Kabla hujagusa chochote, piga picha.

Kuna mzee wetu mmoja, Mkongo wa Fizi, amekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi na mambo ya nyuki alijifunza huko Kasulu. Alipofika huku akapanga nyumba ya zamani ya shambani, nje ya mji, mahindi pande tatu, na mtu wa kanisani akamsaidia kupata mizinga mitatu ya maboksi. Asubuhi moja ya Juni anaamka mizinga miwili iko chini, mifuniko imetupwa huko, fremu zimeburutwa mpaka pembeni ya mahindi, zimetafunwa, na kibanda alichokuwa anawekea vifaa mlango umeng'olewa upande. Asali nyingine ilikuwa imeachwa inamwagika. Kilicholiwa zaidi ni masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Hapo mtu anayejua angeshashtuka, maana rakuni anafunua mfuniko na kuchokonoa, skanki, yule mnyama mwenye harufu mbaya, anakwaruza mlangoni pa mzinga usiku akila nyuki mmoja mmoja, lakini wa kubeba fremu nzima akakae nayo pembeni atafune majana kama mtu na bakuli lake, huyo ni dubu.

Mzee naye na usafi wake, na mama naye vile alivyo, unadhani walifanya nini? Wakasafisha. Wakafagia uwanja wote, fremu zilizovunjika wakachoma kwenye pipa, lile boksi lenye alama za meno likaoshwa kwa maji ya moto, na kwenye seng'enge kulikuwa na manyoya meusi yameng'ang'ania, mama akayatoa kwa mkono akatupa. Mpaka kijana wao anarudi kutoka kazini saa tisa mchana, uwanja unang'aa. Tukafika jioni. Nikamuuliza, "Mzee, si ulipiga picha lakini?" Akanitazama vile wazee wanavyotazama, akasema, "Mwanangu, picha ya uchafu ni ya kazi gani?" Usiku huo mvua ikanyesha.

Mtu wa wanyamapori alipokuja kesho yake alikuwa mstaarabu, alizunguka uwanja mzima, akachuchumaa, akaangalia mlango wa kibanda, akasema inawezekana lakini siwezi kuandika kwamba imethibitika kwa sababu hamna alama hata moja. Na kiukweli alikuwa na haki, angeandika nini, uwanja uliofagiwa? Tatizo likaja kwa mwenye nyumba. Yeye akashika lile neno moja tu, haijathibitika, basi kama siyo dubu ni mbuzi wenu au ni watoto wenu, mlango na uzio mtalipa. Mzee hata mbuzi hana! Walipohama ile pesa ya dipoziti ikakatwa karibu yote. Alafu sasa sikia, walishahama, ndo jirani mmoja mkulima anatoa kadi ya kamera yake ya porini, ile anayofunga kwenye mti kuangalia kulungu, anakuta dubu kapita pembeni ya mahindi, saa tisa kasoro usiku, tarehe ni ile ile. Akamtafuta mzee akampa picha na pole. Mwenye nyumba alionyeshwa, akasema hilo limeshaisha. Mizinga mingine mzee hajaweka mpaka leo.

Kwa hiyo ukiamka ukute vurugu, hakuna kufagia. Ita kila mtu arudi nyuma, watoto na mbwa waingie ndani, alafu piga picha kutoka mbali uonekane uwanja wote, kisha sogea. Unyayo weka kitu pembeni yake, rula au hata kiatu chako, ili ukubwa ujulikane, piga ukiwa juu yake siyo kwa pembeni. Ukishapiga funika na ndoo, mvua isiufute. Manyoya usishike na mkono, tumia kitu kingine, weka kwenye bahasha ya karatasi, kwenye plastiki yanapata unyevu. Kinyesi hivyo hivyo, usione aibu, piga picha, utaona mbegu na punje za mahindi humo. Na zile picha orijino usizifute kwenye simu baada ya kutuma WhatsApp, maana WhatsApp inaondoa ile taarifa ya saa na mahali ilipopigwa, na hiyo ndo itakayokutetea mbele ya mwenye nyumba na bima. Uliza majirani siku hiyo hiyo nani ana kamera, ya mlangoni au ya porini, kamera nyingi zinajifuta. Alafu piga DNR, idara ya maliasili ya jimbo, kila kaunti ina afisa anayeihudumia, sema unataka mkalimani wa Kiswahili. 911, namba ya dharura, ni kama dubu yuko katikati ya watu au anataka kuingia ndani.

Haya, chakula. Dubu anakuja kwa sababu ya pua. Vile vyombo vya kuwekea ndege mbegu vitoeni kuanzia Aprili, ndege majira ya joto hawafi njaa. Takataka zitoke asubuhi ya siku ya gari siyo usiku wake. Grili ikishatumika ichomeni mabaki mpaka yaishe, na ile trei ya chini inayodondokea mafuta imwageni, watu mnasahau sana hiyo trei, mbuzi wa Jumamosi mafuta yake yako hapo mpaka Jumamosi nyingine. Samaki wa moshi na dagaa kuanika kwenye balkoni, jamani, mtaita dubu kutoka Wisconsin. Chakula cha kuku kiwe kwenye pipa la chuma na ndani ya gereji. Wenye nyuki wekeni uzio wa umeme, ule wa betri unatosha, na uwepo kabla hajaonja, akishaonja atarudi.

Na usiseme nitamwachia kidogo nimpige video. Indiana mwaka 2015 aliingia dubu kutoka Michigan, wa kwanza kuthibitishwa kwa zaidi ya miaka 140, watu wakafurahi, kila mtu na simu yake. Akazoea mbegu za ndege, magrili na takataka za watu huko karibu na Michigan City, akaacha kuogopa, na mwaka uliofuata watu wa wanyamapori wa jimbo wakamtega wakamuua, kwa sababu hata ukimpeleka mbali anaenda kutafuta grili nyingine.

Ukikutana naye uso kwa uso usikimbie, yeye anafika kilomita karibu 50 kwa saa na mti anapanda kukushinda. Simama, ongea kwa sauti ya kawaida ajue we ni mtu, nyanyua mikono uonekane mkubwa, rudi nyuma taratibu, muachie njia ya kuondokea. Karibu wote wanaondoka. Akikuvamia kweli, usijifanye umekufa, huyu mweusi unapigana naye, piga pua na macho kwa chochote ulichoshika.

Bunduki, hapa nisikilizeni hasa nyie vijana. Kwa miaka mingi sheria ya Iowa haikumweka dubu kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa, na kuna watu wanalisema hilo kama ruhusa. Ukivuka Mississippi kule kusini ya Wisconsin uko Illinois, ambako analindwa tangu 2015. Na ndani ya mji kufyatua risasi ni kosa lake lenyewe bila kujali umelenga nini. Mwenye green card kesi ya bunduki inaweza kukufikisha kwenye kurudishwa ulikotoka. Kwa ajili ya dubu ambaye kesho angekuwa ameshafika kaunti nyingine? Nunua ile sprei ya dubu, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuwinda, na ujifunze kuitoa kabla, siyo siku ambayo yuko mbele yako.

Watoto waambieni wasubiri basi la shule wakiwa pamoja na kwenye mwanga. Mbwa afungwe kamba, mbwa aliyeachiwa anamkasirisha dubu alafu anakimbilia kwako. Bustani za lengalenga na mahindi, mwezi wa nane mahindi yakiwa mabichi, msiingie asubuhi na mapema kimya kimya, pigeni hata stori. Mkitoka kwenye majani kaguaneni kupe, nyuma ya magoti na kwenye nywele, hao wako kila mahali na hawana uvumi. Na nyie wa shifti za usiku, Oktoba na Novemba punguzeni spidi, kulungu mmoja akivuka subiri wa pili, yuko nyuma yake, na angalieni bima zenu leo, ile ya bei rahisi ya laiabiliti hailipi gari lako ukigonga kulungu, inayolipa ni komprehensivu.