Jinsi ya Kupata Namba Kwenye Timu ya Besiboli ya Chuo Marekani

Besiboli haina dakika ya 70 ambapo kocha anageuka kuangalia benchi. Haina saa ya kumaliza mechi, na katika mechi za vyuo vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mchezaji akishatolewa harudi tena. Vijana wengi wa mwaka wa kwanza hawalitambui hilo mapema, kwa sababu kwenye sekondari za Marekani aliyeanza mechi anaruhusiwa kurudi mara moja. Chuoni, kukuingiza wewe ni kumtoa mwenzako moja kwa moja, na kama mechi ikienda inningi 12 (vipindi vya mchezo, kawaida tisa) kocha atabaki na pengo. Ndiyo maana hata mchezaji mzuri anaweza kusugua benchi mwezi mzima bila kuwa amekosea chochote.

Anza na hesabu. Timu ya Daraja la Kwanza (Division I) hucheza mechi zisizozidi 56 za msimu wa kawaida, kuanzia katikati ya Februari. Kuanzia msimu wa 2025-26, vyuo vilivyojiunga na makubaliano mapya ya malipo ya wanamichezo vina kikomo cha wachezaji 34. Karibu nusu yao huwa warushaji. Wanaobaki, 17 au 18 hivi, wanagombea nafasi tisa za kupiga: wachezaji wanane wa uwanjani pamoja na mpigaji maalumu anayepiga badala ya mrushaji. Chukua orodha ya timu, andika majina ya wote wanaocheza namba yako na mwaka wa masomo wa kila mmoja. Aliyemaliza mwaka wa tatu anaweza kuchaguliwa na klabu za kulipwa mwezi Julai, kwa hiyo nafasi yake inaweza kufunguka. Wa mwaka wa pili anayeanza kila mechi atakuwa mbele yako kwa muda, na hapo unahitaji njia nyingine ya kuingia.

Njia hiyo iko kwenye jinsi kocha anavyopanga kikosi. Namba za uwanjani ni hizi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3, 4 na 5 walinzi wa vituo vya kwanza, pili na tatu, 6 shotistopu (mlinzi kati ya vituo vya pili na tatu), na 7, 8 na 9 uwanja wa nje kushoto, kati na kulia. Usizichanganye na zamu ya kupiga wala na namba ya jezi. Makocha wengi hujaza kwanza 2, 6, 8 na 4, yaani uti wa mgongo wa ulinzi, na hapo humvumilia anayepiga kidogo mradi adake. Kisha 3, 5, 7, 9 na mpigaji maalumu hutafutiwa fimbo, yaani wapigaji wakali. Kijana anayepiga wastani na kukimbia wastani akang'ang'ania kuwa namba 3 amejipeleka mwenyewe kwenye foleni ndefu kuliko zote.

Kwa hiyo jifunze namba nyingine ya ziada, na uijifunze kwa uzito. Shotistopu aliyezibiwa njia ahamie 4 au 5, na akiwa na mbio ajaribu 7. Nunua glavu inayofaa: ya walinzi wa kati huwa na inchi 11.5 hivi, ya uwanja wa nje 12.75. Ukienda nje na glavu ndogo mipira ya kunyoosha mkono itakupita. Kosa la kawaida la aliyehamia uwanja wa nje si kudaka; ni hatua ya kwanza kwenda mbele wakati mpira unapita juu ya kichwa chake. Zoeza hatua ya kwanza ya kurudi nyuma, mipira 30 kila siku baada ya mazoezi ya timu, kabla hujamwambia kocha kwamba unaweza.

Vita halisi vya namba hufanyika wakati wa vuli, kwenye mechi za ndani za timu, wakati watazamaji ni wachache. Kila mpira hurekodiwa. Mdakaji hupimwa muda tangu mpira uguse glavu yake hadi ufike kituo cha pili, sekunde 2.0 ndiyo alama inayotajwa, na ukifika 2.15 wapinzani watakuibia vituo, yaani watakimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Mpigaji wa mkono wa kulia hupimwa mbio hadi kituo cha kwanza: 4.3 inaheshimika, na wa kushoto hutakiwa awe chini kidogo kwa kuwa anaanzia karibu zaidi.

Vipimo hivyo vinakuletea macho ya kocha, lakini kinachomtuliza ni mambo madogo. Je, umepewa ishara ya banti (kuugusa mpira kidogo tu uanguke karibu) ukaiweka chini? Mwenzako akiwa kituo cha tatu na auti (wachezaji wenu waliotolewa) ziko chini ya mbili, ulimleta nyumbani? Mrushaji alilazimika kukurushia mipira mingapi? Anayetaka kuonyesha nguvu kwa kutafuta homurani kila zamu huishia kutolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha), na kocha hukumbuka straiki hizo kuliko ule mpira mmoja uliovuka ukuta. Ukiwa nje, rusha kwa mpokeaji wa kati, mwenzako anayesimama kati yako na kituo, chini, usawa wa kifua chake. Mpira uliorushwa juu ukampita humpa mpinzani kituo cha bure, na hakuna kitu kinachomuudhi kocha zaidi ya hicho.

Warushaji wana ngazi yao. Wikendi huwa na mechi tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na bora kabisa huanza Ijumaa. Jumanne au Jumatano kuna mechi ya katikati ya wiki, na hiyo ndiyo mlango wa mgeni. Unachotakiwa kuwa nacho: straiki kwenye mpira wa kwanza mara nyingi kuliko kukosa, jumla ya straiki zisizopungua asilimia 60, na mwendo wa haraka mtu akiwa kituo cha kwanza, sekunde 1.3 tangu uanze kusogea hadi mpira uingie kwenye glavu. Mwenye kasi kubwa anayetoa boli nne nne (mipira minne iliyokosa eneo la straiki, inayompa mpigaji kituo cha bure) hatumiki pointi zikikaribiana. Mwenye aina mbili tu nzuri za urushaji atatumika inningi moja au mbili. Akitaka kuanzisha mechi anahitaji aina ya tatu, mara nyingi ule mpira wa polepole unaowasumbua wapigaji wa upande wa pili.

Msimu ukianza, kaa benchi kwa kazi. Angalia mapema ni mrushaji gani wa mpinzani ataanza kila siku ya wikendi: mpigaji wa kushoto hupata nafasi zaidi dhidi ya mrushaji wa kulia, na wa kulia dhidi ya wa kushoto. Kuanzia inningi ya tano, angalia bulpeni yao, mahali warushaji wao wa akiba wanapopasha. Akianza kupasha mrushaji wa mkono unaokufaa, vaa helmeti, piga mipira kumi au kumi na tano ndani ya wavu, kisha rudi ukae mahali kocha anapokuona. Anayetafuta glavu zake za kupigia wakati jina lake linaitwa hataitwa mara ya pili. Kama una mbio, soma muda wa kila mrushaji wao uwe tayari kukimbia badala ya mtu mzito.

Jihadhari pia na kanuni ya pointi kumi. Ikitumika, timu ikiongoza kwa 10 baada ya inningi saba mechi inakwisha. Kocha anayepanga kukupa inningi ya nane basi hana ya kukupa, kwa hiyo katika mechi za namna hiyo uwe umeshapasha kufikia ya tano.

Ukipewa nafasi ya kuanza, huenda utapiga wa nane au wa tisa. Usinung'unike, ila ujue gharama yake: kati ya zamu ya kwanza na ya tisa kuna tofauti ya takriban zamu 50 za kupiga kwa mechi 56. Njia ya kupanda ni kufika kituoni, hata kwa boli nne.

Kuzungumza na kocha kuna adabu yake. Usiende siku ya mechi, wala dakika orodha inapobandikwa. Omba dakika 15 kwa ujumbe, nenda peke yako, bila mzazi, na usitaje jina la mwenzako hata kama unaona unamzidi. Uliza mawili: "Kocha, nifanye nini ili niwe wa kwanza kuingia kwenye namba hii?" na "Lini tutaangalia tena?" Jibu likiwa la jumla, omba kitu kinachopimika. Mzazi akipiga simu kulalamika, mara nyingi kijana ndiye anayelipa.

La mwisho liamuliwe kabla ya Februari: kucheza au kuahirisha msimu, yaani kutoingia mechi yoyote ili msimu huo usihesabiwe. Kwa sheria zilizotumika hadi 2025, kuingia mechi moja tu, hata kwa mpira mmoja, kulihesabiwa msimu mzima. Aliyeumia aliweza kuombewa nafuu kama jeraha lilitokea nusu ya kwanza ya msimu na hakuwa amecheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi. Kanuni hizi hubadilika, hivyo pata jibu la maandishi kutoka ofisi ya kanuni za michezo chuoni kwako. Na usishuke chini ya krediti 12 za masomo, maana hapo hata mazoezi unazuiwa.

Ukimaliza mwaka na zamu chache, tafuta ligi ya kiangazi, kama Northwoods au Cape Cod kwa waliokomaa, ambako hupigwa kwa fimbo za mbao. Au hamia chuo cha miaka miwili. Kwa kijana anayetoka nje ya Marekani, mathalani Uganda, iliyopeleka timu ya Lugazi kwenye fainali za dunia za Little League mwaka 2012, chuo cha aina hiyo kinaweza kumpa inningi mapema kuliko jina kubwa ambako angekuwa wa nne kwenye foleni.