Jinsi ya kugeuza vali ya kulainisha maji iwe ya kichujio kinachojiosha

Baadhi ya visima virefu vya Lubumbashi huchimbwa hadi kwenye miamba ya chokaa na dolomia, na ndiyo sababu katika nyua kadhaa za mji utakuta chombo cha kulainisha maji kilichoachwa kwa kukosa chumvi, au kwa sababu resini yake, yaani punje za plastiki zinazonasa chokaa, imechakaa. Vali iliyo juu ya tangi hilo isitupwe, kwa kuwa inaweza kuongoza kichujio kinachojiosha chenyewe, cha mchanga au cha makaa maalumu ya kuchujia maji (si ya kupikia). Ieleweke tangu mwanzo, hata hivyo, kwamba mchanga huzuia tope na kutu iliyokwisha kuganda tu. Hauondoi ugumu wa maji, madini yaliyoyeyuka wala vijidudu, na chokaa kitaendelea kujishikiza ndani ya birika.

Vali ya kulainisha hupita hatua nne inapojisafisha: huosha kwa kupandisha maji kutoka chini ya tangi, hunyonya maji ya chumvi na kuyasuuza polepole, husuuza kwa kasi, kisha hurudisha maji kwenye pipa la chumvi. Kichujio kinahitaji hatua ya kwanza na ya tatu pekee. Kuondoa upande wa chumvi si kazi ngumu: funga maji, punguza shinikizo kwa kufungua bomba lililo mbele, chomoa umeme, kisha fungua kifuniko cha injekta, yaani kipande kinachonyonya maji ya chumvi, na uweke kizibo chake mahali pa injekta. Mrija wa chumvi nao uzibwe kwa kifuniko cha kukaza kwa spana. Kitambaa au gundi havitoshi hapo, kwa kuwa vali itakapofika hatua ya kurudisha maji, shinikizo lote la pampu litasukuma kifuniko hicho. Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya magari huvimbisha mpira na kuuharibu.

Jambo linaloamua kama kichujio kitadumu ni kasi ya maji ya kuosha, nalo ndilo ambalo mafundi wengi hulipita haraka. Kwenye njia ya maji machafu kuna kidude kidogo cha mpira chenye tundu, kazi yake ikiwa kupunguza mkondo ili resini, ambayo ni nyepesi, isichukuliwe na maji. Kwa tangi lenye kipenyo cha sentimita 25, resini huoshwa kwa takriban lita 9 kwa dakika, ilhali makaa huhitaji kama 20 na mchanga kama 31. Ukiacha kidude cha zamani, mchanga hautainuka, tope litabaki katikati ya punje, na baada ya miezi michache utakuwa na bonge moja lililopasuliwa na vijia ambavyo maji hupita bila kuchujwa. Weka kidude chenye tundu kubwa zaidi, ukikielekeza kama kile cha kwanza kilivyoelekea, na upanue pia bomba la kutolea maji.

Kabla ya kununua mchanga, pima. Resini ikiwa imekwisha kutolewa, weka vali kwenye hatua ya kuosha, kinga maji machafu kwa ndoo ya lita 20 na utazame saa: kwa mchanga katika tangi hilo ndoo ijae kwa sekunde 40 hivi, na kwa makaa isizidi dakika moja. Pampu au vali ikishindwa kufika hapo, usijidanganye. Chagua makaa, au tangi la sentimita 20, ambalo kwa mchanga hutosheka na lita 20 kwa dakika.

Unapojaza tangi, ziba mdomo wa mrija wa katikati kwa utepe, tandika kokoto chini, kisha mimina mchanga na uache juu yake nafasi tupu ya karibu nusu ya kimo chake, ili upate pa kuinukia. Makaa yalowekwe usiku kucha. Fungua maji kidogokidogo vali ikiwa kwenye hatua ya kuosha, hadi hewa yote itoke na maji yawe maangavu.

Kwenye taima ya kielektroniki, hatua za chumvi huwekwa sifuri. Ile ya gurudumu la pini mara nyingi hairuhusu kuziruka, bali kuzifupisha tu. Kuosha kwa dakika 10 mara moja au mbili kwa wiki ni mwanzo mzuri, na wakati wa masika, kisima kinapoleta tope jekundu, iongezwe. Maji hayo machafu, kwa kuwa hayana chumvi tena, yanaweza kwenda bustanini.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, taima ya gurudumu husimama na saa yake huchelewa, hivyo uoshaji uliopangwa usiku wa manane waweza kuanza mchana watu wakiwa wanaoga. Hatari zaidi ni umeme kukatika katikati ya kuosha: pistoni inayobadilisha njia za maji ndani ya vali hubaki ilipo, na kama maji yanashuka kutoka tangi la juu kwa uzito wake, yatamwagika hadi tangi liishe. Kwa hiyo weka koki ya mkono kabla ya vali na, umeme unaposumbua, zima taima na uoshe mwenyewe mchana, pampu ikiwa inafanya kazi. Vali hizi huhitaji shinikizo la bar 1.4 au zaidi, na tangi lililoinuliwa mita 6 hutoa bar 0.6 tu.