Kuomba na kusoma uzamili wa infomatiki ya afya: anzia kwenye daftari la kituo chako

Binti wa mama yangu mkubwa ni muuguzi wa zahanati. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku: "Kaka, dirisha la maombi linafungwa baada ya wiki mbili, na fomu inataka nieleze nitafanya utafiti gani. Mimi najua kujaza MTUHA tu." Nikamwambia kwamba huko kujaza MTUHA, yaani vitabu na fomu za taarifa za kituo, ndiko kutakakombeba. Tulikaa jioni nne mezani, kompyuta moja na daftari moja, mpaka maombi yakaenda. Ninayoandika hapa ni yale tuliyofanya, pamoja na yaliyonikuta mimi nilipoingia fani hii ya kutumia kompyuta kukusanya na kuchambua taarifa za afya, nikitokea dirisha la famasi.

Hatua ya 1: Hakikisha una sifa

Unahitaji shahada ya kwanza, ya afya au ya kompyuta. Programu nyingi hupokea pande zote mbili, kwa kuwa fani yenyewe imesimama katikati. Kwa mizani yetu ya 5, daraja la pili la chini huanzia GPA ya 2.7, na hapo ndipo milango mingi ya uzamili inapofunguka. Soma tangazo la chuo chenyewe, usitegemee la kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 2: Chagua chuo kwa kuangalia kazi za watu wake

Jina kubwa la chuo halitakusaidia kama hakuna mwalimu anayefanya kazi inayofanana na unayoitaka. Fungua ukurasa wa idara, soma walimu wameandika nini miaka ya karibuni.

Ukipenda takwimu za jumla, yaani zile zinazotoka kituoni kwenda wilayani, mkoani na wizarani, Tanzania bara nzima hutumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina timu inayoujenga na kuufundisha mfumo huo kwa miaka mingi. Mzizi wa DHIS2 uko Chuo Kikuu cha Oslo na kazi iliyoanza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990. Ukipenda kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, tazama Eldoret, Kenya. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na hapo, kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta mwaka 2001, na uzoefu huo ukachangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Moi kiko mji huohuo. Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kina uzamili wa fani hii.

Ukitoka nje ya nchi, uliza mapema kama shahada hiyo itatambuliwa ukirudi. Tanzania ni kazi ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Uliza kabla ya kulipa ada.

Hatua ya 3: Nyaraka

Skani vyeti, usipige picha kwa simu. Kivuli cha mkono kwenye transkripti kinamchosha anayesoma maombi mia. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne, shahada na kitambulisho cha NIDA, shughulikia leo hii, kwa kiapo mbele ya wakili au hati ya kubadili jina, kutegemea ukubwa wa tofauti. Wadhamini wako wape wiki tatu na ukurasa wa swali lako, ili barua zao ziseme jambo moja na lako. Mmoja wao awe mtu aliyekuona ukifanya kazi, mathalani mratibu wa MTUHA wa halmashauri, hata kama hana cheo kikubwa.

Hatua ya 4: Pata swali, kisha ulijaribu kwenye takwimu halisi

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza karibu muhula mzima.

Waombaji wengi huandika: "Nitachunguza mchango wa teknolojia katika kuboresha huduma za afya." Hilo si swali. Swali ni kitu kinachokukera kazini. Nilimuuliza dada yangu, "Mwisho wa mwezi, fomu ipi inakuchelewesha kulala?" Akajibu bila kufikiri: ya wazazi. Anahesabu waliojifungua kutoka Kitabu Na. 12, kile cha MTUHA cha wazazi, anajumlisha kwa vistari kwenye karatasi ya pembeni, anahamishia kwenye fomu ya muhtasari, fomu inapelekwa halmashauri, na huko ndiko inaingizwa kwenye DHIS2. Mara mbili ameona namba iliyo kwenye mfumo si aliyoandika yeye. Nikamwambia, basi swali lako hilo: kutoka kitabuni mpaka kwenye mfumo, namba inabadilika wapi, na kwa kiasi gani?

Ukishapata swali, usiliandike bado. Lijaribu. Na unapolijaribu, kumbuka jambo ambalo mimi sikulijua: kisanduku kitupu si sifuri.

Rasimu yangu ya kwanza ya tasnifu ilisema kwamba zahanati kadhaa hazikuzalisha mama hata mmoja wakati wa masika. Nilikuwa nimepakua jedwali, nikaona visanduku vitupu, nikavijaza 0, nikachora mchoro mzuri unaoporomoka kila Aprili. Msimamizi wangu aliuangalia mchoro akauliza neno moja tu: "Walijifungulia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikapanda basi. Zahanati ya kwanza niliyofika, muuguzi alinifungulia Kitabu Na. 12 ukurasa wa Aprili: mistari tisa imejaa, majina, uzito wa watoto, saa za kuzaliwa, wino wa bluu ukigeuka mweusi katikati ya ukurasa kalamu ilipokwisha. Kina mama tisa. Barabara ilikatika, fomu haikufika wilayani kwa wakati, na hakuna aliyerudi nyuma kuiingiza. Nilikuwa nimewafuta kina mama tisa kwa kubonyeza mara moja.

Nikarudi nikataka kufanya kinyume, kila kisanduku kitupu nikihesabu kama taarifa iliyokosekana. Hapo nikakosea upande wa pili. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka aliyeuunda mfumo awe ameruhusu sifuri zihifadhiwe kwa kipengele husika. Kwa hiyo kituo kilichoandika 0 kwenye safu ya vifo vya uzazi, kwa uaminifu kabisa, kinaweza kutokea kwako kama kisanduku kitupu. Utupu uleule una maana mbili: "hakuna kilichotokea" na "hatujui kilichotokea".

Namna ninavyozitenganisha sasa ni hii, kwa mpangilio huu:

Kwanza, pakua kiwango cha uwasilishaji wa fomu nzima kwa kituo hicho na mwezi huo, si namba peke yake. Kama fomu ilikamilishwa na safu zake nyingine zina namba, utupu wa safu moja yamkini ni sifuri. Kama safu zote za fomu ni tupu, huo ni ukosefu wa taarifa.

Pili, usiamini kiwango hicho peke yake. Fomu huhesabiwa kuwa imewasilishwa pale mwingizaji anapobonyeza kitufe cha kukamilisha. Kuna waliojaza kila kitu wakasahau kubonyeza, na kuna waliobonyeza fomu ikiwa nusu. Nimeyaona yote mawili katika wilaya moja, mwaka mmoja.

Tatu, angalia kama kituo kinatoa huduma hiyo kweli. Zahanati isiyozalisha lakini imepangiwa fomu ya wazazi itaonekana mdaiwa wa taarifa kila mwezi, na itaishusha wilaya nzima bila kosa la mtu.

Nne, unganisha majedwali kwa namba ya utambulisho wa kituo, ile ya herufi na tarakimu 11 ambayo DHIS2 hukipa kila kituo. Usitumie jina hata siku moja. Zahanati zenye jina la Majengo haziishii wilaya moja.

Tano, na hili linawakamata hata walio wazoefu: mipaka ya utawala hubadilika, lakini DHIS2 hukuonyesha vituo mahali vilipo leo. Mkoa wa Songwe ulitengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukipakua takwimu za Mbeya za 2014 leo, vituo vilivyohamia Songwe havitakuwamo. Ukizilinganisha na ripoti ya mkoa iliyochapishwa wakati huo, utadhani mtu ameficha wagonjwa. Hakuna aliyeficha.

Sita, ukibaki na mashaka, mpigie mganga mfawidhi. Dakika mbili za simu zimeniokoa zaidi ya programu yoyote. Umwombe kwa heshima asome alichoandika kitabuni, jumla tu, si jina la mgonjwa.

Kwa kujifunzia yote haya huhitaji hata nywila ya kazini. DHIS2 wana mfumo wa majaribio ulio wazi kwenye intaneti, play.dhis2.org, wenye takwimu za mfano zinazotumia vituo vya Sierra Leone. Jina la kuingilia ni admin, nywila ni district. Vuruga humo unavyotaka. Nywila ya kazini ni ya kazi. Kuwa nayo hakukupi ruhusa ya kutumia takwimu za serikali kwa utafiti wako. Kwa maombi ya chuo, inatosha kusema umeona tatizo kazini na unajua litapimwa vipi. Usiambatanishe jedwali ulilolipakua kazini.

Dada yangu alifanya jaribio dogo zaidi, kwa idhini ya mganga mfawidhi wake: miezi mitatu, safu moja. Alihesabu upya kutoka kitabuni, akalinganisha na nakala ya fomu iliyobaki kituoni. Mwezi mmoja ulitofautiana. Aliyejifungulia njiani na kufikishwa kituoni alikuwa amehesabiwa kitabuni, akaachwa kwenye fomu. Siku hiyo alinipigia mchana, sauti imebadilika kabisa.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya maombi

Ukurasa mmoja na nusu. Aya ya kwanza iwe tukio la kituoni. Ya pili iseme swali. Ya tatu iseme utapima nini, wapi. Ya nne itaje mwalimu wa chuo hicho ambaye kazi yake inagusa swali lako. Acha "tangu utotoni nilipenda teknolojia".

Hatua ya 6: Muhula wa kwanza

Darasa litagawanyika. Waliotoka wodini wataogopa msimbo, waliotoka kompyuta hawatajua kwa nini muuguzi anajaza vitabu kumi na zaidi. Kaa na wa upande wa pili tangu wiki ya kwanza; mimi nilifundishwa SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, na kijana wa mitandao, nami nikampeleka kliniki ya wajawazito akaona foleni.

Kwa SQL, jifunze PostgreSQL, usihangaike na nyingine. DHIS2 huendeshwa juu yake, na ukiijua, OpenMRS inayotumia MySQL haitakutisha. Kwa uchambuzi nashikilia R, programu ya takwimu unayoiandikia amri: ni bure, na kila hatua inabaki imeandikwa. Kwenye Excel nilijaza zile sifuri zangu na hakuna alama iliyobaki kuonyesha nilifanya hivyo; kwenye R mstari ule ungekuwepo na msimamizi angeuona. Kwa kukusanya taarifa, KoboToolbox kwenye kishikwambi, kwa kuwa hufanya kazi hata pasipo mtandao. Kwa marejeo, Zotero, kuanzia makala ya kwanza kabisa unayosoma.

Utakutana na viwango: ICD-11 ya magonjwa, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, LOINC ya vipimo vya maabara, FHIR ya mifumo kupashana taarifa. Usivikariri. Chukua cheti kimoja cha majibu ya malaria kutoka maabara ya kituo chako na ujaribu kukiandika kwa FHIR. Jioni moja ya hivyo inafundisha kuliko slaidi za wiki tatu.

Hatua ya 7: Vibali vya utafiti

Anza muhula mmoja kabla ya muda unaodhani. Ukigusa taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, kamati ya maadili ya chuo itakuuliza unazihifadhi wapi na nani anaziona, na kibali cha kitaifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Chuo kitakuelekeza kama utafiti wako unahitaji vyote viwili. Soma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti. Kama hujui utaondoaje majina kwenye jedwali, usiliombe.

Kisha barua zinatembea: chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa kwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, naye kwa Mganga Mkuu, ndipo kituoni. Kila ofisi ikibaki na nakala, nawe baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua yangu ilipotea masjala kwa wiki tano kwa kuwa nilimkabidhi mtu korido na sikuomba muhuri. Kituoni nenda na nakala mbili: moja ya faili la mganga mfawidhi, nyingine ya muuguzi atakayekufungulia vitabu, ili siku mwenzake akiuliza wewe ni nani, awe na karatasi ya kuonyesha.