Kabla ya Kushusha Maboya: Mambo ya Kuzingatia Unapochunguza Mikondo ya Pwani

Boya linaloachwa lielee huru lina kazi moja tu, nayo ni kwenda yaendako maji. Lisipoandaliwa vizuri litatuma takwimu nyingi zenye kuvutia, kumbe nyingi kati yake ni habari za upepo.

Amua kwanza ni maji ya kina gani unayotaka kuyafuata. Anayechunguza mafuta yaliyomwagika anahitaji safu ya juu kabisa, ilhali anayefuatilia mayai ya samaki huenda akahitaji maji ya chini zaidi. Maboya yanayotumika bahari kuu huning'iniza tanga la kitambaa mfano wa soksi ndefu yenye matundu, ambalo katikati yake hukaa mita 15 chini ya uso wa maji, na ukilishusha mahali penye kina cha mita 8 litaburuza chini na kunasa. Kwa pwani, umbo lililozoeleka ni lile lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya utafiti wa pwani ya California, yaani mhimili wenye matanga manne yaliyopangwa kwa umbo la msalaba, yanayoshika takriban mita moja ya juu ya maji, pamoja na vyelezo vidogo vya kuushikilia usizame.

Sehemu inayochomoza juu ya maji ndiyo mlango wa upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukilisukuma boya kwa asilimia 1 tu ya kasi yake, tayari umeongeza sentimita 10 kwa sekunde ambazo si za mkondo, na mikondo mingi ya pwani haizidi hapo kwa mbali. Kwa hiyo lijaribu boya ndani ya pipa la maji ya bahari, wala si ya bomba, kwa kuwa maji ya chumvi hulinyanyua zaidi. Kisha ongeza uzito chini kidogo kidogo mpaka ibaki antena peke yake. Ni kweli kwamba antena iliyo chini sana hufunikwa na mawimbi na baadhi ya vipimo hupotea, lakini kwa maoni yangu ni afadhali kukosa vipimo vichache kuliko kupima upepo kwa jina la mkondo.

Kifaa cha GPS, kinachorekodi mahali boya lilipo, nacho kina kosa lake. Kosa la mita 5 kati ya vipimo viwili vilivyoachana kwa dakika moja huzaa kasi ya uongo ya takriban sentimita 8 kwa sekunde, ilhali kosa hilohilo likigawanywa kwa dakika 10 halifiki hata sentimita 1. Kiache kifaa mahali pa wazi nchi kavu kwa siku nzima, kikirekodi kama kitakavyorekodi baharini, halafu uchore alama zake zote kwenye ramani. Mtawanyiko utakaouona wakati kifaa kimetulia tuli ndio mpaka wa kile unachoweza kudai baadaye.

Panga tarehe kwa kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Mzunguko wa kawaida huchukua takriban saa 12 na dakika 25, hivyo safari ya saa 6 itakuonyesha maji yakienda upande mmoja na kukunyima yanavyorudi. Tena mikondo ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, haifanani na ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Shusha maboya kadhaa pamoja, kwani mawili yaliyoanza karibu karibu yanaweza kuachana kwa saa chache, na huko kuachana ni elimu yenyewe. Mwaka 2012, katika Ghuba ya Meksiko, watafiti walishusha takriban 300 kwa lengo hilo, ingawa hata matatu ni bora kuliko moja.

Ruhusa ya mamlaka za bandari na betri zilizojazwa hazihitaji maelezo marefu. Wavuvi wanahitaji. Wao ndio watakaoliona boya lako, na wakiokota kitu kisicho na maelezo wana haki ya kukichukua, kwa hiyo liandike kwa lugha yao kwamba ni chombo cha utafiti, kwamba liachwe lielee, na nani wa kupigiwa likikutwa ufukweni.

Mwisho, andaa daftari la kuandikia saa na dakika ambayo kila boya limegusa maji, siyo ile liliyowashwa, pamoja na saa lilipoopolewa. Bila maandishi hayo, mwendo wa injini ya mashua utaingia kwenye hesabu kama mkondo wa mita 3 kwa sekunde, unaonyooka kuelekea gatini.