Jinsi ya kuwauliza wazazi na waliosoma kabla ya kumwandikisha mtoto shule binafsi

Mwezi wa Oktoba ukiingia, nguzo za umeme na kuta za Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Mbagala, hujaa mabango yanayotangaza nafasi za chekechea na darasa la kwanza kwa mwaka unaofuata. Mzazi mwenye mtoto wa miaka minne hujikuta akilinganisha shule tano ambazo zote zina picha ya basi la njano, picha ya watoto waliovaa majoho ya mahafali na ahadi ya walimu wenye uzoefu. Analolihitaji zaidi halimo kwenye mabango hayo, yaani jinsi siku ya mtoto inavyopita ndani ya uzio tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Habari hiyo wanayo hasa familia zilizowahi kulipa ada pale na vijana waliosoma pale, na maelezo haya yanahusu namna ya kuwapata, namna ya kuwauliza na namna ya kuyapima watakayosema.

Naandika nikiwa nimekwisha kukosea mara moja. Nilipotaka kumwandikisha mtoto wangu wa kwanza niliwauliza majirani watano kama shule fulani ni nzuri, nao wote wakanijibu kuwa ni nzuri. Muhula wa pili ulipoanza ndipo nilipogundua kwamba wawili kati yao walikwisha kuwahamisha watoto wao. Nilipomwuliza mmoja kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa upole, "Baba, hukuniuliza kama mwanangu bado yupo." Sikuwa na la kumjibu. Swali la uzuri humlazimu mtu kuutetea uamuzi wake mwenyewe, na aliyekwisha kulipa milioni moja na nusu kwa mwaka hawezi kukiri kirahisi mbele ya jirani kwamba alipotea njia.

Kabla ya kumtafuta mtu yeyote, hakikisha kwamba unachokiulizia ni shule. Shule za awali na za msingi husajiliwa na wizara yenye dhamana ya elimu na kupewa namba ya usajili, ilhali vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vimo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na husimamiwa na watu wa ustawi wa jamii. Lango lililoandikwa kwa rangi nzuri halionyeshi tofauti hiyo, lakini ofisa elimu kata anaijua, na kumfuata ofisini kwake hakuchukui asubuhi nzima. Ukisikia pia kwamba shule inalaza bwenini watoto wa chekechea, kumbuka kwamba waraka wa elimu wa mwaka 2023 ulisitisha huduma ya bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, kwa hiyo omba uonyeshwe kibali.

Sasa tafuta watu, na uanze na wale walioondoka. Hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi, kwa sababu waliopo ni rahisi kupatikana: wako langoni saa tisa na nusu, wako kwenye mkutano wa wazazi, wako kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kundi hilo, kwa kweli, ni mahali pabaya pa kutafutia ukweli, kwani mara nyingi msimamizi wake ni mwalimu, na mzazi mwenye mtoto mikononi mwa mwalimu huyohuyo huandika "ahsante mwalimu" hata usiku ambao mtoto amerudi na alama za fimbo. Walioondoka utawapata kwenye lango la shule jirani. Simama pale wakati wa kuchukua watoto, wasalimie wazazi, na uulize ni nani aliyewahi kusomesha upande wa pili. Msikitini, kanisani, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa na saluni huwakosi. Dereva wa bajaji anayebeba watoto wa shule hiyo kila siku naye ni shahidi mzuri, maana watoto husimuliana mambo wakiwa nyuma ya kiti chake kana kwamba hayupo.

Ipo njia nyingine ya kujua ni wangapi walioondoka, nayo haihitaji kumsumbua mtu. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka katika tovuti yake matokeo ya upimaji wa darasa la nne na ya mtihani wa darasa la saba, shule kwa shule. Tangu mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule zilizoongoza kitaifa, na mimi naona lilifanya vyema, ila hesabu za kila shule zipo. Fungua matokeo ya darasa la nne ya mwaka 2021, uhesabu watahiniwa wa shule unayoitaka, kisha ufungue ya darasa la saba ya mwaka 2024 ya shule hiyohiyo. Hao kwa sehemu kubwa ni watoto walewale, miaka mitatu baadaye. Ukikuta walikuwa 60 wakabaki 41, na wote 41 wana wastani wa A, usishangilie A hizo kabla hujauliza wale 19 walikwenda wapi. Huenda wazazi walihama mji au ada iliwashinda. Huenda pia shule ina utaratibu wa kuwakaririsha darasa au kuwaondoa wasiofikia wastani wake wa ndani, jambo ambalo wazazi hulisimulia kila mahali na ambalo serikali imelikemea zaidi ya mara moja. Tovuti haitakupa jibu, lakini itakupa swali la kwenda nalo kwa watu.

Ukishampata mtu, usimwulize maoni. Mwulize matukio. Badala ya kumwuliza kama walimu ni wazuri, mwulize mtoto wake amefundishwa na walimu wangapi tofauti ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa shule inayochelewesha mishahara hupoteza walimu katikati ya muhula na mtoto wa chekechea ndiye anayeumia wa kwanza. Mwulize mara ya mwisho alipopigiwa simu na shule ilikuwa lini na kwa ajili gani, maana wapo wanaopigiwa simu kwa ajili ya ada tu. Mwulize mtoto alipougua au kuanguka alijulishwa baada ya saa ngapi, na ni nani aliyempigia. Mwulize basi linamchukua mtoto saa ngapi na kumrudisha saa ngapi: mtoto wa kwanza kuchukuliwa katika njia ndefu hutoka kwao saa kumi na moja alfajiri, akawa usingizini kwenye somo la kwanza, na hilo hulioni kwenye ratiba. Tangu ajali ya basi la shule huko Karatu ya Mei 6, 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, mimi huongeza maswali mengine mawili, ya kama watoto hukaa mmoja kwa kiti na kama dereva amewahi kubadilishwa bila wazazi kuambiwa.

Kuhusu fedha, omba uonyeshwe stakabadhi za mwaka mzima, usiishie kwenye ada iliyotajwa kwenye fomu. Nilikolipa mimi, ada ilikuwa 1,400,000, lakini baada ya basi, chakula, sare mbili za lazima kutoka duka moja tu, mitihani ya majaribio na joho la mahafali ya chekechea, nilifika karibu 2,300,000. Joho lile lilivaliwa kwa saa tatu.

Kwa watoto wa chekechea kuna ugumu wa pekee, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu au minne hawezi kukusimulia siku yake kwa mpangilio, na mzazi wake hupata habari kwa vipande. Kwa hiyo waulize wazazi juu ya mambo ambayo mwili wa mtoto huyaonyesha. Je, alianza tena kukojoa kitandani baada ya kuanza shule? Je, anarudi na chupa ya maji ikiwa imejaa, kwa kuwa anaogopa kuomba kwenda chooni? Mama mmoja aliniambia kwamba alijua kuna tatizo siku alipoona mwanawe akifika nyumbani anapita mbio hadi chooni kabla hajamwamkia mtu, na alipokwenda shuleni akakuta matundu mawili ya choo yakitumiwa na madarasa yote ya chini, moja likiwa limefungwa kwa kufuli kwa ajili ya wageni. Uliza pia idadi ya watoto darasani. Kiwango kinachotumika kwa elimu ya awali nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nacho hata mtoto wa darasa la pili anaweza kukuhesabia marafiki wa mdogo wake. Na ukiambiwa kwa fahari kwamba watoto wa miaka minne hupewa kurasa tatu za kuandika kila jioni, basi mwulize mzazi huyo ni nani anayeziandika.

Waliosoma pale hukupa habari ambayo mzazi hanayo, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tafuta waliomaliza miaka mitatu hadi mitano iliyopita. Aliyemaliza mwaka jana bado ana hofu au bado ana ushabiki, na aliyemaliza miaka kumi na mitano iliyopita anazungumzia shule ambayo haipo tena, yenye mwalimu mkuu mwingine na pengine mmiliki mwingine. Omba ruhusa kwa wazazi wake kama bado ni mtoto, na mzungumze mzazi akiwepo. Mwulize alipofika kidato cha kwanza ni somo gani alilikuta jepesi na lipi lilimshinda. Kijana mmoja alinieleza kwamba Kiingereza kilimbeba hadi kidato cha pili, lakini hakuwahi kuandika insha ya Kiswahili bila kuomba msaada, kwa sababu aliyekamatwa akizungumza Kiswahili shuleni kwao alivalishwa kibao shingoni hadi ampate mwenzake wa kumrithisha. Alisimulia akicheka. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba ndiyo maana alijifunza kunyamaza.

Mwulize pia juu ya viboko bila kuzunguka. Kanuni za nchi zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Aliyesoma pale atakuambia kama kitabu hicho amewahi kukiona au kama kila mwalimu alikuwa na fimbo yake yenye jina.

Baada ya kusikiliza watu wanane hadi kumi, kaa chini na utenganishe malalamiko. Lililosemwa na mtu mmoja mwenye hasira ni habari ya mtu huyo hadi lithibitishwe. Lililosemwa na watu watatu wasiojuana, kwa miaka tofauti, ni tabia ya shule. Sifa zipime vivyo hivyo, kwa sababu wapo wazazi wanaopunguziwa ada kwa kuleta wanafunzi wapya. Unayoyasikia usiyarushe mitandaoni yakiwa na jina la shule au la mwalimu, kwani unaweza kumwonea mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Ila ukisikia jambo linaloashiria kwamba mtoto anadhurika, hilo usilibakize kwenye daftari lako: piga simu 116, namba ya huduma kwa mtoto, au nenda ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Hatua ya mwisho ni kumpelekea mwalimu mkuu yale uliyoyasikia, bila kumtaja aliyesema, na kumtazama anavyoyapokea. Nilipokuwa nikimtafutia shule mtoto wangu wa pili, nilimwambia mwalimu mkuu wa kwanza kwamba nimesikia watoto wengi huondoka wakifika darasa la tano. Aliniuliza ni nani aliyeniambia, akarudia swali hilo mara tatu. Wa pili, katika shule ndogo isiyo na bango hata moja barabarani, alivuta droo, akatoa daftari la uhamisho, akanionyesha majina kumi na moja na sababu zilizoandikwa mbele ya kila jina. Mbele ya mawili palikuwa na neno "hatukuelewana". Nilimwomba aniruhusu nizungumze na mmoja wa wale wawili, naye akampigia mzazi huyo palepale kuuliza kama angependa kuongea nami. Mama yule alikubali, akanieleza ugomvi wao wote kwa dakika arobaini, na tulipomaliza akaniambia kwamba mdogo wa mtoto aliyemhamisha anasoma hapo hadi leo.