Unatafuta waandishi wapya wa riwaya? Anzia kwenye orodha za tuzo

Ukingoja riwaya mpya ikufikie kwenye meza ya muuza vitabu, mara nyingi utakutana na majina yaleyale ya miaka nenda rudi. Fuatilia tuzo zinazopokea miswada ambayo bado haijachapishwa, maana huko ndiko chipukizi wanakojitokeza. Kwa Kiswahili ziko mbili za kuangalia: ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, ambayo washindi wake hutangazwa Aprili.

Ila usiishie kwa mshindi. Nakili majina yote yaliyofika hatua ya mwisho, kisha yatafute Facebook. Wengi huweka huko sura za mwanzo au hadithi fupi, na kurasa mbili zinatosha kujua kama mtu ana sauti yake. (Mimi huruka moja kwa moja kwenye mazungumzo ya wahusika. Hapo hakuna kujificha.)

Kumbuka mswada huchukua muda kuwa kitabu. Kwa hiyo orodha ya miaka miwili mitatu nyuma ndiyo ya kwenda nayo dukani leo.