Jerikani mbili za kupima makisio ya ubongo

Ubongo hausubiri habari kutoka mkononi; hukisia kwanza, kisha hulinganisha. Chukua jerikani mbili za njano, zile za kuchotea maji Kampala na vijijini: ya lita 20 na ya lita 5. Tia mchanga mkavu kwenye ndogo mpaka mizani isome kilo 4, na kubwa vivyo hivyo. Maji hayafai, hucheza ndani yakafichua siri. Funga kamba ya aina moja kwenye kila mpini, maana mpini mwembamba huuma vidole na kuharibu jaribio.

Mtu anyanyue kubwa, kisha ndogo, kwa mkono uleule. Atakwambia ndogo ndiyo nzito. Mara ya kwanza kubwa huruka juu, kwa sababu misuli ilipangiwa nguvu nyingi kabla mzigo haujainuka. Arudie mara kumi: mkono utajirekebisha upesi, lakini hisia ya uzito haitabadilika, hata akioneshwa mizani. Ajabu yenyewe ndiyo hiyo: kunyanyua na kuhisi havijifunzi kwa kasi moja.

Akisema ni sawa, angalia kama alifumba macho. Aliyeshika kamba bila kuona ukubwa hana cha kukisia.